Umeshtakiwa kwa Deni la Mkopo au la Kadi: Maswali Wanayouliza Watu wa Mwanza

Maswali haya ni ya watu wa Nyamagana, Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe wanaofika kwa msaidizi wa kisheria na bahasha ya mahakama mkononi: wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba, walimu, bodaboda, wenye maduka, wajane walioachiwa deni. Wengi hufika wamechelewa, na hilo ndilo linalotuuma kuliko yote. Mdaiwa aliyefika mapema na karatasi zake ana mengi ya kufanya, hata kama deni ni la kweli. Aliyejificha hadi dalali wa mahakama akagonga mlango kukamata mali hubaki na machache. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Ukimpata wakili wa kukusomea mkataba wako, msikilize yeye kwanza.

Deni langu ni la kadi ya mkopo. Je, kesi yake ni tofauti na ya mkopo wa kawaida?

Njia ya mahakamani ni ile ile. Kadi ya mkopo ni mkataba kati yako na benki, na benki inadai kwamba umeuvunja. Tofauti iko kwenye hesabu. Mkopo wa kawaida una kiasi kimoja ulichopewa siku moja, lakini deni la kadi hujengeka mwezi hadi mwezi: manunuzi, riba, ada ya mwaka, tozo ya kuchelewa, na riba juu ya hayo yote. Kwa hiyo dai taarifa za kila mwezi tangu kadi ilipoanza kutumika, kisha zipitie mstari kwa mstari. Ukiona manunuzi usiyoyafahamu au malipo yako ambayo hayakuingizwa, hilo ni jambo la utetezi.

Watu wengi huku hawana kadi ya aina hiyo. Wana kadi ya ATM ya mshahara na mkopo wa benki, wa taasisi ndogo ya fedha au wa kwenye simu. Yaliyo hapa chini yanawahusu wote.

Mtu ameniletea samansi, yaani wito wa mahakama. Nikikataa kusaini, kesi itakufa?

Haifi. Ukikataa, mpeleka samansi anaweza kuibandika mlangoni kwako kisha akaapa mahakamani kwamba alikufikia. Usipopatikana, anaweza kumwachia mtu mzima wa familia yako, na mahakama inaweza hata kuruhusu wito utangazwe gazetini. Ukishahesabiwa kuwa umepata wito, siku zinaanza kwenda, umesaini au hukusaini.

Saini, na kando ya saini andika tarehe na saa uliyopokea. Baki na nakala yako. Hiyo tarehe ndiyo itakayohesabiwa, na tumeona watu wakibishana kwa miezi kuhusu siku tatu tu.

Nina siku ngapi za kujibu?

Kesi ikiwa Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, na umepewa wito wa kuleta utetezi, una siku 21 tangu ulipopokea. Ndani ya siku hizo uwe umewasilisha maelezo ya utetezi kwa maandishi. Ukiona hazitoshi, omba kuongezewa kabla hazijaisha. Hata zikiisha, una siku 7 za kuomba ukiwa na sababu ya msingi, na mahakama inaweza kukuongezea siku 10. Baada ya hapo mlango unakuwa mwembamba sana.

Soma wito wenyewe kwa makini. Kuna kesi za muhtasari, hasa za rehani na hati za ahadi ya kulipa, ambazo mdaiwa haruhusiwi kujitetea mpaka aombe kibali cha mahakama. Ukileta utetezi wa kawaida bila kibali, ni kama hukuleta kitu.

Mahakama ya Mwanzo mambo ni mepesi zaidi: unafika siku iliyotajwa, unasomewa dai, unakubali au unakana. Mahakama hiyo inaweza kusikiliza deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30, na kesi nyingi za mikopo midogo huishia huko.

Kweli nilikopa na kweli sijalipa. Nitajitetea kwa lipi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu wabaki nyumbani. Mama anasema, "Nilichukua hela zao, nikasimame mbele ya hakimu niseme nini?" Aibu ya kudaiwa ni nzito, hasa kwa mtu aliyelelewa kujua kwamba deni hulipwa. Lakini kukubali kwamba ulikopa hakukulazimishi kukubali kiasi chochote watakachokiandika. Anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Mkopeshaji atoe mkataba, aonyeshe alikupa kiasi gani, wewe umerejesha kiasi gani, na kilichobaki kimepatikanaje. Kwa wakopaji wengi, mahakamani ndipo mahali pa kwanza ambapo afisa mikopo analazimika kuiweka hesabu yake mezani.

Kaa chini na daftari kabla ya kuandika utetezi. Chukua taarifa ya akaunti benki. Kama ulikuwa unatuma marejesho kwa simu, omba mtandao wako wa simu ukupe taarifa ya miamala ya kipindi chote, kwa sababu ujumbe mfupi hufutika na simu huzama ziwani. Kama ulikuwa unalipa taslimu kwa afisa aliyepita dukani, tafuta stakabadhi na majina ya waliokuwepo. Kisha linganisha na kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya madai.

Mambo yanayojitokeza mara nyingi ni haya. Marejesho ya mwanzo hayakuingizwa. Kiasi kilichotajwa kwenye mkataba ni kikubwa kuliko kilichofika mkononi, kwa sababu ada na bima vilikatwa juu kwa juu. Riba imepandishwa bila mkopaji kuambiwa. Faini ya kuchelewa imekua mpaka ikapita mtaji. Hapo kumbuka kwamba Sheria ya Mikataba inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kadiri, hata kama mkataba umetaja adhabu kubwa zaidi. Wakati mwingine mkopaji alikufa au alipata ulemavu wa kudumu, na bima ya mkopo aliyokuwa akikatwa haikuulizwa kabisa.

Katika utetezi, jibu aya ya dai moja baada ya nyingine. Aya unayoikubali, ikubali wazi. Unayoikana, sema kwa nini. Ukiandika tu "nakana madai yote" huku mkataba una saini yako, hakimu hatakuwa na cha kushika. Na usidanganye. Mtu akishanaswa kwenye uongo mmoja kuhusu saini, hata malipo aliyoyafanya kweli huanza kutiliwa shaka.

Karatasi zote ziko kwa Kiingereza.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Una haki ya kusema, kuandika na kuelezwa kwa Kiswahili. Kama mkataba wa mkopo ulikuwa wa Kiingereza na hakuna aliyekueleza masharti, lieleze hilo mahakamani. Peke yake halifuti deni, ila lina uzito pale masharti yanapokuwa ya kukandamiza.

Usuluhishi ni nini, na niende na nini?

Utetezi ukishaingia, kesi za madai katika mahakama za wilaya kwenda juu hupelekwa kwanza kwa msuluhishi. Kipindi chake hakizidi siku 30 tangu kikao cha kwanza. Unayoyasema pale hayatumiki dhidi yako kesi ikiendelea, kwa hiyo ongea wazi.

Nenda na mpango unaolingana na kipato chako. Mikopo mingi ya mwambao imepangiwa marejesho ya kila wiki, wakati mvuvi wa dagaa hufanya kazi kwa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu na Mwaloni mzigo unapungua. Mtu huyo akiahidi kiasi kile kile kila wiki ameshapanga kushindwa. Aseme atalipa zaidi wiki za giza na kidogo au bila kitu wiki za mbalamwezi, na aonyeshe daftari la mauzo la miezi iliyopita. Mwalimu ana tarehe ya mshahara. Mkulima wa pamba wa Kwimba au Magu ana msimu. Wakopeshaji wengi wako tayari kuacha sehemu ya faini na riba ya kuchelewa ili wapate fedha bila kusubiri kesi ndefu, lakini huwa hawatoi bila kuombwa. Omba.

Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe, yasainiwe na yasajiliwe mahakamani. Hapo yanakuwa na nguvu ya hukumu, kwa pande zote mbili. Usisaini kiasi usichoweza kulipa ili tu utoke chumbani. Ukikosa rejesho moja wanaweza kwenda moja kwa moja kukaza hukumu, yaani kuomba itekelezwe, kwa mfano kwa kukamata mali yako.

Hata usuluhishi ukishindikana, bado unaweza kumwomba hakimu aamuru deni lilipwe kwa awamu. Sheria inamruhusu.

Sikwenda, na sasa nasikia hukumu imeshatoka.

Hiyo ni hukumu ya upande mmoja. Unaweza kuomba itenguliwe katika mahakama ile ile iliyoitoa. Katika mahakama za wilaya na za juu yake una siku 30, na utatakiwa kueleza kwa kiapo kwa nini hukufika: hukupata wito kabisa, ulikuwa umelazwa Bugando au Sekou Toure na una cheti, au jambo lingine linalothibitika. "Nilikuwa na shughuli" haitoshi. Nenda kwa karani siku hiyo hiyo uliyosikia, omba kuona jalada, angalia hati ya kiapo ya mpeleka samansi inasema alikukuta wapi na lini. Kama siku hiyo ulikuwa kambini Ukara na kuna watu wa kulithibitisha, hapo una hoja.

Afisa mikopo amesema atanipeleka polisi.

Kushindwa kulipa mkopo ni jambo la madai. Polisi si wakusanya madeni. Linakuwa jinai pale palipo na udanganyifu au kughushi, kwa mfano uliweka dhamana hati ya kiwanja ya bandia. Ukiitwa kituoni, usikaidi. Nenda na mtu, uliza unatuhumiwa kosa gani, na usisaini ahadi ya malipo ukiwa kaunta ya polisi.

Naweza kufungwa?

Upo utaratibu unaoitwa kifungo cha madai. Baada ya hukumu, mdai anaweza kuomba mdaiwa apelekwe gerezani, kwa muda usiozidi miezi 6, na mdai ndiye anayelipia chakula chako ukiwa ndani. Kwa kawaida kabla ya hapo mahakama hukuita ueleze kwa nini usifungwe. Walengwa ni wenye uwezo wanaoficha mali au kukaidi. Ambaye hana anatakiwa kufika na kuonyesha hali yake. Na kifungo hakifuti deni, ukitoka unalikuta.

Dalali anaweza kuchukua nini ndani kwangu?

Kwanza, mwombe hati. Dalali wa mahakama lazima awe na amri ya mahakama inayotaja kesi, majina na kiasi. Mpigie mwenyekiti wa mtaa aje ashuhudie. Kijana wa ofisi ya mikopo anayekuja na pikipiki kubeba televisheni kwa nguvu hana mamlaka hayo.

Hata mwenye hati ana mipaka. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inazuia kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mwenzi na watoto wake. Inalinda vifaa vya kazi vya fundi, na kwa mkulima zana za kilimo, mifugo na mbegu. Cherehani ya fundi wa Igoma inaingia hapo. Mvuvi anayeishi kwa mtumbwi mmoja na mashine yake ajenge hoja kwamba hivyo ndivyo vifaa vyake vya kazi, na aitoe mapema, kabla mali haijatangazwa kuuzwa.

Sheria hiyo inalinda pia nyumba ya kuishi ya mdaiwa na familia yake isikamatwe kukaza hukumu. Watu wengi hawalijui hili na huuza wenyewe nyumba kwa hofu, kwa bei ya kutupa. Lakini sikiliza kwa makini: kinga hiyo ni ya nyumba ambayo hukuiweka rehani. Uliyoiweka rehani ni habari nyingine.

Nyumba yangu ni dhamana ya mkopo. Wanaweza kuiuza bila kesi?

Wanaweza, wakifuata Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Lazima wakupe notisi ya maandishi inayosema umekiuka nini na ulipe kiasi gani, na wasubiri siku 60. Ndani ya siku hizo ukilipa kinachodaiwa, mambo yanarudi kama kawaida. Zikipita, mnada lazima utangazwe, na mkopeshaji anayeiuza ana wajibu wa kutafuta bei nzuri. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka wao waonyeshe vinginevyo.

Kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi ilitakiwa kabla ya kuwekwa rehani. Mke au mume ambaye hakuwahi kusaini chochote aende kwa wakili mara moja, asingoje siku ya mnada.

Mimi ni mdhamini tu.

Neno "tu" limewaumiza wengi. Wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji, isipokuwa mkataba umesema tofauti. Mdai anaweza kukushtaki wewe bila kumgusa aliyekopa. Ukilipa, una haki ya kumdai yeye. Na kama wao wawili walibadilisha masharti ya mkopo bila wewe kuridhia, huenda umeshatoka kwenye udhamini. Lete barua zote.

Ni deni la zamani sana. Bado naweza kushtakiwa?

Kesi ya mkataba ina ukomo wa miaka 6. Ila angalia: ukiandika na kusaini kwamba unalitambua deni, au ukilipa hata sehemu kidogo, miaka inaanza kuhesabiwa upya. Ndiyo maana mkusanya madeni anaweza kukubembeleza utume "hata elfu kumi ya kuonyesha nia". Jua tarehe ya rejesho lako la mwisho kabla ya kutuma.

Nilikopa kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, au kwenye programu ya simu.

Uliza kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi ndogo zisizopokea amana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Tawi la Benki Kuu liko hapa Mwanza na malalamiko yanapokelewa.

Wanaowatumia ndugu zako na wafanyakazi wenzako ujumbe wa kukuaibisha wanaweza kulalamikiwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hifadhi picha za ujumbe huo. Na kadi yako ya ATM pamoja na namba ya siri usimwachie mkopeshaji yeyote. Tumeona walimu wanaosubiri mshahara ambao mwingine ameshautoa saa sita usiku.

Naishi Nansio, kesi imefunguliwa Dar es Salaam.

Kwa kawaida kesi hufunguliwa mahali mdaiwa anapoishi au anapofanyia kazi, au mahali mkataba ulipofanyika au kuvunjwa. Pinga katika utetezi wako wa kwanza; ukikaa kimya mpaka kesi imesonga, pingamizi hilo linapotea. Soma pia mkataba, huenda umetaja mahakama.

Baba amefariki akiwa na deni. Sisi watoto tunalipa?

Deni linalipwa kutoka mali ya marehemu, kupitia msimamizi wa mirathi. Mtoto ambaye hakuwa mdhamini hawajibiki kwa mshahara wake. Kabla ya kulipa chochote, ulizeni bima ya mkopo.

Sina hela ya wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao haina malipo. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, iwe Nyamagana, Misungwi au kwingineko. Unaweza pia kusimama mwenyewe. Makarani wa mahakama watakueleza utaratibu wa kuwasilisha nyaraka, ingawa hawaruhusiwi kukushauri cha kuandika. Kumbuka anayeshindwa kesi kwa kawaida hulipa gharama za mwenzake, kwa hiyo deni usilolipinga kwa hoja ni bora ulimalize kwenye usuluhishi.

Hukumu imetoka. Riba inaendelea kukua?

Ndiyo, ila kwa kiwango cha mahakama: asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu, au kiwango kingine mlichokubaliana kwa maandishi kisichozidi asilimia 12. Wakiendelea kukuhesabia riba ya mkataba baada ya hukumu, wakumbushe.

Nimelipa lote. Nifanye nini tena?

Kuna mambo matatu, na yafanye wiki hiyo hiyo. Malipo uliyomfanyia mdai nje ya mahakama yapelekwe yakaandikwe kwenye jalada; yasipoandikwa, mahakama inayokaza hukumu haiyatambui, na dalali anaweza kurudi kwa deni ulilokwisha kulipa. Dai barua ya kumaliza deni pamoja na vitu vyako vyote: kadi ya pikipiki, hati ya kiwanja, hundi ulizoacha wazi. Kwa rehani, hakikisha imefutwa kwa Msajili wa Hati, maana hati kurudi mkononi mwako hakufuti rehani kwenye rejesta. Halafu omba taarifa yako kwenye kampuni za kumbukumbu za mikopo, kama Creditinfo, uone kama jina lako limesahihishwa. Kama bado linasomeka unadaiwa, mwandikie mkopeshaji, ambatisha ile barua, na nakala moja ipeleke Benki Kuu.